Dawa ya Kupe na Hatua Nilizoziruka

Nakumbuka asubuhi moja nikisukuma baiskeli kutoka Buswelu kwenda Igogo, nyuma ya kiti nimefunga ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokunjwa ndani ya gunia, na pembeni yangu anatembea mzee ambaye hakuwa amenisemesha tangu tulipotoka nyumbani kwake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ng'ombe mwenye ngozi ile nilikuwa nimemuua mimi, ingawa asubuhi ile nilikuwa bado sijajua.

Mwanangu, nakuandikia habari hii kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumamosi iliyopita katika chumba chetu cha kusomea hapa Nyakato. Ulipata jibu sahihi la swali la tatu, nami nikakupa alama moja kati ya nne. Ukanifuata na daftari, ukaniuliza kwa heshima, lakini macho yako hayakuwa na heshima sana, kama jibu si ndilo lile lile lililoko nyuma ya kitabu. Nikakujibu kwamba hukuandika hatua. Uliondoka umenuna, na nyuma yako nikasikia mwenzako mmoja akisema kwamba huyu mzee akipewa ufunguo wa mbinguni atawaomba watakatifu waonyeshe njia ya kukokotoa. Nilicheka kimoyomoyo. Hakukosea sana.

Mimi si mwalimu wa kusomea, unajua hilo. Kazi yangu ni kutunza mashine kiwandani. Nilimaliza darasa la saba na sikuendelea, na hesabu ninazowafundisha ninyi mnaojiandaa kufanya mtihani kama watahiniwa binafsi nilizipata kwenye vitabu vilivyochakaa, kimoja baada ya kingine, kwa miaka mingi. Mtu anayejifunza peke yake hupata ugonjwa mmoja mapema. Kwa kuwa hakuna anayemsahihisha, huanza kuamini kwamba hana cha kusahihishwa. Ugonjwa huo niliupata kabla sijafika kurasa za katikati za kitabu cha kwanza.

Wakati ule nilikuwa nimenunua bomba la kunyunyizia dawa, lile la kubeba mgongoni lenye kujaa lita ishirini. Nikawa napita Buswelu, ambako siku hizo palikuwa na mazizi mahali ambapo leo pana nyumba za bati la rangi, nikiogesha ng'ombe wa watu dhidi ya kupe. Kazi yenyewe si ngumu. Unapima dawa, unachanganya na maji, unanyunyizia ng'ombe kuanzia masikioni hadi chini ya mkia. Kitu kimoja tu kinahitaji akili, nacho ni kipimo. Watu walinipenda kwa sababu nilikuwa napiga hesabu kichwani. Ukiniambia una ng'ombe kadhaa na kila mmoja anahitaji lita kadhaa, jibu lilikuwa linatoka kabla hujafunga mdomo. Walinipa jina la Profesa. Nililipokea kama mtu anavyopokea haki yake.

Mzee aliyekuwa akitembea nami aliitwa Masanja. Alikuwa na zizi dogo la miiba nyuma ya nyumba, na ndani yake ng'ombe wanne: majike wawili, mtamba mmoja na ndama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Sisi tunao utaratibu huu tangu zamani, labda kwenu mjini mmeusahau: mtu asiye na malisho humkabidhi ng'ombe wake mtu mwenye malisho. Anayefuga hunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe na uzao wote hubaki mali ya mwenyewe. Hakuna karatasi inayoandikwa. Ng'ombe akifa, anayefuga humchuna na kupeleka ngozi kwa mwenyewe, naye huitandaza, huangalia rangi na alama, huangalia kama kuna tundu la mkuki au kisu mahali pasipostahili, kisha husema kama ameridhika. Ngozi ndiyo shahidi pekee. Asiporidhika, huwaondoa ng'ombe wake wote siku hiyo hiyo, na habari ikishaenea, mfugaji wa namna hiyo hapewi tena ng'ombe wa mtu.

Kwa Mzee Masanja jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko kawaida. Binti yake alikuwa amefariki na kumwachia wajukuu wawili, mkubwa hajafika miaka minne. Watoto wale walikuwa wanaishi kwa maziwa ya ng'ombe wale. Kila nikipita asubuhi niliwakuta wamekaa kizingitini na vikombe vya plastiki, midomo imezungukwa na weupe.

Sasa nisikilize vizuri sehemu hii, maana ndiyo yenye somo.

Dawa niliyokuwa nimezoea ilikuwa na nguvu ya asilimia tano. Maana yake, katika kila mililita mia za kilichomo ndani ya chupa, mililita tano ndizo dawa yenyewe na zinazobaki ni za kuibeba tu. Kwa bomba la lita ishirini nilikuwa natia mililita ishirini. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi hata sikuwa nafikiri tena. Siku ile dukani dawa ile haikuwepo. Muuzaji akanipimia nyingine kutoka kwenye dumu kubwa, akaitia ndani ya chupa ndogo na kubandika kipande cha karatasi alichoandika kwa kalamu: 12.5%. Akaniambia nihakikishe nabadilisha kipimo. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Njiani nilipiga hesabu kichwani, juu ya baiskeli. Kumi na mbili na nusu ni mara mbili na nusu ya tano. Kipimo cha zamani ni ishirini. Ishirini mara mbili na nusu ni hamsini. Nikafika kwa Mzee Masanja nikiwa na jibu tayari, nikatoa kipande cha karatasi mfukoni nikaandika namba moja, 50, nisije nikasahau. Hamsini peke yake, katikati ya karatasi, kama mfalme.

Labda wewe umeshaliona kosa. Kama umeliona, usijisifu bado. Kuzidisha kwangu kulikuwa sahihi. Kila namba niliyoitaja ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa mahali ambapo hapakuwa na namba, katika hatua ambayo sikuiandika kwa sababu niliiona ni ya watoto.

Nilivuta dawa kwa bomba la sindano la mililita ishirini, mara mbili, kisha nusu. Nilipoimimina, maji yaligeuka meupe kuliko kawaida na harufu ikapanda mpaka ikatufikia machoni. Mzee Masanja alikuwa amemshika jike mwekundu pembe, yule mwenye mimba ya miezi saba. Akageuza uso. Akaniambia, "Kijana, hii leo inanuka vingine."

Nikamjibu, "Mzee, pua inadanganya. Hesabu haidanganyi."

Yeye alikuwa mtu asiyejua kusoma, mimi nilikuwa Profesa. Nikamnyunyizia yule mwekundu kwanza, vizuri kabisa, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kazi safi. Nikaendelea kwa jike wa pili. Nilikuwa nimefika mgongoni mwake Mzee Masanja aliponishika mkono. Yule mwekundu alikuwa amesimama na miguu ya mbele ameitanua, ute unamtoka mdomoni kama kamba, na misuli ya mapajani inacheza yenyewe. Mimi nilibaki nimeshika bomba. Mzee alikimbia, mzee wa umri ule, akachota maji kwenye pipa na kuanza kumwagia yule wa pili, ndoo baada ya ndoo, akimsugua kwa majani, akiwaita majirani walete maji. Wa pili alipona. Mtamba na ndama nilikuwa sijawagusa. Yule mwekundu alipiga magoti saa nane mchana, na kabla watoto hawajarudi kutoka kucheza alikuwa amekufa, na ndama aliyekuwa tumboni mwake.

Majirani walitaka nyama. Mzee Masanja akakataa. Alisema hajui kilichomuua, na nyama ya kitu asichokijua hawezi kumlisha mtoto wa mwenzake. Tukamchuna, tukaosha ngozi kwa maji mengi, tukachimba shimo na kumfukia. Nilichimba mimi. Na muda wote ule, mwanangu, nilikuwa nasema moyoni kwamba dawa ilikuwa mbovu. Niliirudia hesabu yangu kichwani zaidi ya mara kumi, na kila mara ilinipa hamsini. Bila shaka ingenipa hamsini. Nilikuwa napita njia ile ile, gizani, nikijikwaa kwenye jiwe lile lile bila kulihisi.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata tulikuwa barabarani na ngozi.

Mwenye ng'ombe aliitwa Bibi Nyanjige, Mjita, mjane, aliyejulikana Igogo yote kwa kazi ya kutengeneza kayabo, yaani sangara waliopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi. Tulimkuta uani akigeuza samaki kwenye pipa, mikono imepauka kwa chumvi mpaka viwikoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika kwenye gunia. Alinawa, akaja, akaitandaza ngozi mwenyewe juu ya saruji. Akapitisha kiganja shingoni, ubavuni, tumboni. Akasema polepole kwamba huyu alimpata akiwa ndama, mwaka aliompoteza mumewe.

Mwanaye mkubwa, Magesa, alikuwa amekaa kwenye kreti. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno mengi. Aliuliza nyama iko wapi. Mzee Masanja akasema tumeifukia.

"Mmeifukia," akasema Magesa. "Buswelu siku hizi mnafukia nyama. Mmeshiba kiasi hicho? Mwaka jana ndama aliliwa na fisi. Mwaka huu jike ameliwa na dawa. Mwakani mwingine ataliwa na nani, mzee, ataliwa na mwezi?"

Mzee Masanja akaeleza yaliyotokea kwa maneno machache. Hakunilaumu. Alisema kijana huyu alikuja kuogesha ng'ombe, dawa ikawa kali, jike akaanguka. Magesa akasema hadithi hiyo ni nzuri, lakini ngozi haina kidonda, nyama haipo, na shahidi ni kijana ambaye pengine amegawana na mzee kile kilichouzwa. Kisha akamwambia mama yake jambo alilokuwa amelikusudia tangu mwanzo: kwamba yeye angekwenda na gari siku hiyo hiyo kuwachukua watatu waliobaki.

Nilimtazama Mzee Masanja. Aliangalia mikono yake tu. Nadhani alikuwa anawafikiria watoto na vikombe vyao, lakini hilo nalisema mimi, yeye hakulitamka.

Magesa akanigeukia. Akataka kujua nilitia dawa kiasi gani. Nikasema mililita hamsini. Akauliza kwa nini hamsini, si arobaini wala si mia. Nikatoa ile karatasi mfukoni. Akaichukua, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

"Hamsini," akasema. "Hii hata mimi naweza kuandika. Profesa, hii ni hesabu au ni namba ya nyumba?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hasa kitu nilichokuwa nimekibeba mfukoni. Nilikuwa na jibu, lakini hapakuwa na njia ya kumwonyesha mtu yeyote lilikotoka. Karatasi ile haikuweza kumtetea mzee. Haikuweza hata kunishtaki mimi. Mtu angeweza kuamini kwamba niliandika namba ile njiani, tukiwa tunapanga la kusema.

Bibi Nyanjige alikuwa bado amechuchumaa kando ya ngozi. Akamwambia mwanaye anyamaze. Akanyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akanipa. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi sijui kusoma herufi zenu. Lakini andika hapa chini ulivyofika kwenye hiyo hamsini, mstari mmoja mmoja, na kila mstari uniambie maana yake. Usiruke kitu."

Nikapiga magoti kwenye saruji. Niliudhika, nikikumbuka vizuri. Niliona napimwa na watu ambao wasingeelewa. Lakini nikaandika.

Mstari wa kwanza niliandika dawa ya zamani: asilimia tano ya mililita ishirini. Nikamweleza Bibi kwamba asilimia tano ni tano juu ya mia, na tano juu ya mia mara ishirini ni moja. Kwa hiyo ndani ya bomba zima la lita ishirini, dawa yenyewe hasa ilikuwa mililita moja tu. Akauliza kama hiyo moja ndiyo inayoua kupe bila kuua ng'ombe. Nikasema ndiyo. Akasema, basi hiyo moja haitakiwi kubadilika hata ukibadilisha chupa. Nikasema ndiyo, nikaendelea, na sikutambua bado kwamba mama asiyejua kusoma alikuwa amesema lile neno ambalo mimi sikuwahi kujiambia.

Mstari wa pili niliandika dawa mpya. Sijui nitatia mililita ngapi, nikasema, kwa hiyo naziita x. Magesa akacheka akisema hata dawa nayo ina jina la siri. Nikaandika: kumi na mbili nukta tano juu ya mia, mara x, ni sawa na moja. Kwa sababu dawa hasa lazima iwe ile ile moja.

Mstari wa tatu nikazidisha pande zote mbili kwa mia. Kumi na mbili nukta tano mara x, ni sawa na mia.

Mstari wa nne nikagawanya pande zote mbili kwa kumi na mbili nukta tano.

Na hapo mkono wangu ukasimama. Mia ukigawanya kwa kumi na mbili nukta tano ni nane.

Nilitazama saruji. Nikarudi mstari wa kwanza, nikasoma upya hadi chini. Nane. Dawa mpya ilikuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo kilichotakiwa ni kutia kidogo zaidi, na mimi nilikuwa nimezidisha mahali pa kugawanya. Nikafanya na hesabu nyingine kimya, kwa ncha ya kidole: kumi na mbili nukta tano juu ya mia mara hamsini ni sita na robo. Badala ya mililita moja, nilikuwa nimemmwagia ng'ombe yule mwenye mimba mchanganyiko wenye zaidi ya sita.

Mwanangu, nataka ukae hapa kidogo pamoja nami. Katika uga ule, watu wanne, mimi peke yangu ndiye niliyeweza kusoma kilichokuwa chini. Bibi hakujua herufi. Mzee Masanja hakujua. Magesa alijua kusoma lakini x ilikuwa imeshamchosha, alikuwa anaangalia upande wa ziwa. Akauliza bila kugeuka, "Haya, imetoka ngapi?" Ningeweza kusema hamsini. Ningeongeza mstari mmoja wa uongo, hakuna ambaye angejua. Dawa ingelaumiwa, au muuzaji, au mzee. Nilikuwa na bomba langu, nilikuwa na jina langu, na kazi yote niliyokuwa nayo ilisimama juu ya jina lile. Nakiri kwako kwamba nililifikiria. Halikuwa wazo la kupita. Lilikaa.

Nikasema, "Imetoka nane."

Magesa akageuka. Nikasema tena kwamba nilitakiwa kutia nane, nikatia hamsini, ng'ombe nimemuua mimi, na Mzee Masanja aliniambia inanuka vibaya sikumsikiliza. Na kwamba wa pili angekufa pia kama mzee hangemwosha.

Kisha Bibi Nyanjige akasema, si kwa hasira, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyemwaga maziwa: "Mimi nikiletewa chumvi kali natia kidogo. Nikiletewa chumvi hafifu naongeza. Ningefanya kinyume, samaki wangu wasingelika. Hilo nalijua bila mkaa. Wewe una mkaa na una kichwa, ulikuwa unakimbilia wapi?"

Niliuweka mkaa chini, kando ya ile nane.

Alichoamua baada ya hapo alikiamua bila kumwuliza mwanaye. Ng'ombe watabaki kwa Masanja. Kuhusu jike aliyekufa, nitaleta mtamba mahali pake, si leo, lakini nitaleta. Na nitaendelea kuwaogesha waliobaki, mimi mwenyewe, si mtu mwingine. Magesa akapinga hilo kwa nguvu, hata mimi nilitaka kupinga. Bibi akasema kijana aliyekosea akafukuzwa huenda kukosea kwa watu wengine. Lakini akaweka sharti. Kila mara kabla sijafungua chupa, niandike hatua zote kwenye ubao wa mlango wa zizi kwa mkaa, nimsomee Masanja mstari mmoja mmoja na maana yake, na mzee akisema hajaelewa, dawa isiingie kwenye maji.

Tulirudi tukiwa wepesi wa mzigo, ila si moyoni. Tulikuwa tumepita viwanda vya Nyakato Mzee Masanja aliponisemesha kwa mara ya kwanza siku ile. Hakupandisha sauti.

"Nilikuambia inanuka," akasema. "Ukaniambia hesabu haidanganyi. Sasa nifundishe, maana sitaki litokee tena. Nilipaswa kukuambiaje ili unisikie?"

Nimekaripiwa na watu wengi maishani, mwanangu, na mabosi wenye vyeo. Hakuna karipio lililoniingia kama swali lile. Alikuwa anauliza kweli. Alidhani kosa liko kwenye maneno yake.

Mtamba nilimleta, ilinichukua misimu mitatu ya kulima dengu. Na hatua niliandika kwenye ubao wa lile zizi mara zisizo na hesabu. Mwanzo Mzee Masanja alinyamaza tu akinisikiliza. Baadaye akaanza kuuliza. Siku moja nikiwa na haraka niliandika sehemu ya kumi mahali pa sehemu ya mia, akasema, "Ngoja, mara iliyopita hapo ulisema mia." Mzee asiyejua kusoma alikuwa ameshika umbo la ile namba. Nikafuta, nikaandika upya. Hapo ndipo nilipoelewa hatua zinaandikwa kwa ajili ya nani.

Basi haya ndiyo ninayokushauri, nawe uyapokee kwa mtu aliyeyalipia.

Ukikutana na swali la asilimia au la mlingano, usikimbilie namba. Kwanza andika kwa maneno kitu unachokitafuta, ndipo ukipe herufi. Usiandike x ikiwa hujui x ni lita, ni kilo au ni watu. Kisha jiulize ni kitu gani katika habari hiyo hakibadiliki, kwa sababu mlingano wote unasimama juu ya hicho. Kwangu mimi ilikuwa ile mililita moja, na sikuitafuta. Asilimia iandike kama sehemu ya mia, kila mara, hata ukiwa unaijua kama jina lako. Unachoufanyia upande mmoja ufanyie na mwingine, mstari mpya kwa kila tendo moja, si matendo mawili kwa mstari mmoja ili kuokoa karatasi. Karatasi si ghali kama unavyofikiri.

Na uulize kila mara, asilimia ya nini? Juzi mmoja wenu aliniambia kwamba tangi la maji likiongezewa asilimia ishirini na tano, kisha likapungua asilimia ishirini na tano, maji yanarudi pale pale. Inaonekana hivyo, na kichwa kitaapa kwamba ni hivyo. Haya, andika. Tangi lina lita mia nne. Robo ya mia nne ni mia moja, zinakuwa mia tano. Sasa punguza robo, lakini si robo ya mia nne tena, ni robo ya mia tano, ambayo ni mia na ishirini na tano. Zinabaki mia tatu sabini na tano. Lita ishirini na tano zimepotea, na hakuna aliyezimwaga isipokuwa yule aliyeona uvivu wa kuandika mstari wa pili.

Ukishapata jibu, usilipigie mstari bado. Lirudishe kwenye swali, mahali pa x, uone kama pande mbili zinalingana. Halafu liweke kando ya maisha ya kawaida na uliulize kama lina akili. Dawa imekuwa kali zaidi, je, kipimo kimepungua? Swali hilo moja lingetosha kumwokoa yule ng'ombe, na lilihitaji pumzi moja tu.

Na mtu akikuambia kazi yako inanuka, hata kama hajui kusoma, rudi mstari wa kwanza. Usimwambie hesabu haidanganyi. Hesabu kweli haidanganyi, lakini wewe si hesabu. Wewe ni mtu aliyeshika mkaa.

Alama tatu nilizokunyima nitakurudishia Jumamosi ukiniletea swali lile lile likiwa na mistari yake. Sitazitoa kabla ya hapo, hata ukinuna mwezi mzima. Mtihani utakaoufanya mwishoni utasahihishwa na mtu usiyemjua, naye atakuwa na kalamu tu. Lakini baadaye utapimia watu dawa, au utachanganya saruji ya nguzo itakayobeba chumba cha mtoto, na hapo hakuna wa kukusahihisha kabla ya kitu chenyewe kusimama au kuanguka.

Nakuombea kwa Mungu, mwanangu. Akujalie akili iliyotulia na mkono usioona aibu kuanza upya. Akupe watu wa kukuuliza, na masikio ya kuwasikia. Na siku utakapokuwa wewe peke yako unayeweza kusoma kosa lako, akupe kinywa cha kulisoma kwa sauti.